Ziwa la Oldupai halimo darasani: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na mambo ya kale

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu na ya maliasili, kwa wanaoandaa mitaala na vitabu vya shule, na kwa wanaosimamia makumbusho na maeneo ya mambo ya kale, Tanzania.

Yah: Mazingira ya kale na chimbuko la binadamu katika masomo ya watoto wetu

Waheshimiwa,

Nafundisha Historia na Jiografia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Karatu. Kutoka kwetu hadi Korongo la Oldupai ni safari ya saa chache kwa basi: unapanda ukingo wa Ngorongoro katikati ya ukungu, unateremka upande wa pili kwenye vumbi. Wanafunzi wangu ni majirani wa mahali ambapo dunia nzima huja kutafuta asili yake. Ndiyo maana jambo ninalolileta kwenu linaniuma.

Mwaka juzi nilikuwa na kidato cha kwanza pale juu ya korongo, mbele yetu lile guzo la udongo mwekundu ambalo kila mgeni hulipiga picha. Nilitoa somo kama nilivyolitoa miaka yote. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey anaona meno yametokeza kwenye mteremko, mumewe Louis amelala kambini na homa. Fuvu linaitwa Zinjanthropus, kwa kifupi Zinj. Mwaka 1960 inapatikana mifupa ya kiumbe mwingine, na mwaka 1964 anapewa jina Homo habilis, mtu wa mikono mahiri. Wanafunzi wakaandika. Binti mmoja akanyoosha mkono.

“Mwalimu, hawa wawili waliishi hapa pamoja?”

Nikamwambia ndiyo, zama zilezile.

“Sasa huyu mwenye taya kubwa na meno makubwa ndiye aliyekwisha, na yule mwenye meno madogo ndiye aliyebaki. Kwa nini?”

Nikajibu kama kitabu tunachotumia kinavyojibu: ubongo wa Zinj ulikuwa mdogo. Akatazama chini korongoni, kwenye mawe na miiba na jua kali la saa saba, akauliza tena: “Na hapa palikuwa pakavu hivihivi?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo miaka tisa, naijua tarehe, naujua umri wa fuvu, nalijua hata jina la mfadhili, Charles Boise, aliyeachiwa kumbukumbu katika jina la kisayansi la Zinj. Lakini sikuwahi kujiuliza kiumbe yule alisimama juu ya ardhi ya namna gani. Nikamwahidi binti yule kwamba nitatafuta. Barua hii imetokana na kutafuta huko.

Palikuwa na ziwa, Waheshimiwa. Si dimbwi, bali ziwa la magadi katikati ya bonde, na milima ya volkano upande wa mashariki na kusini. Katika matabaka yake imepatikana mifupa ya flamingo, viboko, samaki na mamba. Mamba wale hawakuwa wa hadithi: mifupa ya miguu ya binadamu wa kale imekutwa hapo Oldupai ikiwa na alama za meno yao. Volkano ya Olmoti, ambayo wanafunzi wangu wanaijua kama mlima ambao mifugo huchungwa kuuzunguka, ilikuwa ikimwaga majivu juu ya bonde lote, na majivu hayo ndiyo saa yetu leo. Yana madini ambayo potasiamu yake hugeuka kuwa gesi iitwayo argoni polepole kwa kasi inayojulikana. Mwaka 1961 walipoyapima kwa njia hiyo, umri wa Zinj ulitoka miaka milioni 1.75, wakati Louis Leakey mwenyewe alikuwa amekisia laki sita tu.

Na ziwa halikukaa mahali pamoja. Lilipanuka, likasinyaa, likapanuka tena. Hili ndilo lililonishika zaidi. Majani ya miti na nyasi yana nta juu yake, kama ile inayong'aa kwenye jani la mgomba. Jani likioza, nta haiozi kirahisi. Inasombwa na maji hadi kwenye tope la ziwa, na huko inadumu miaka milioni na zaidi. Kaboni iliyomo kwenye nta ya mti si sawa na iliyomo kwenye nta ya nyasi za nchi za joto, kwa hiyo anayeipima anajua kama pembeni ya ziwa palikuwa na miti au nyasi. Clayton Magill na wenzake walipima nta ya Oldupai, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika muda wa miaka kama laki mbili, kati ya milioni 2 na milioni 1.8 iliyopita, mandhari yaligeuka kutoka miti kwenda nyasi na kurudi tena mara tano au sita. Mageuzi yenyewe hayakuchukua milele. Mengine yalikamilika ndani ya mamia au maelfu machache ya miaka.

Sababu yake kubwa iko angani. Dunia inapozunguka huyumba kama pia ya kuchezea inayokaribia kuanguka, na athari ya myumbo huo kwa majira hujirudia kila miaka kati ya 19,000 na 23,000. Jua la majira linaongezeka upande mmoja wa dunia na kupungua upande mwingine, na mvua za Afrika Mashariki zinafuata. Mtoto aliyewahi kucheza pia anaelewa jambo hili kwa dakika tano. Nimelijaribu darasani kwa pia ya mti wa mfudu, na hakuna aliyesinzia.

Baadaye, mahali palepale lilipopatikana fuvu la Zinj, watafiti waligundua dalili za chemchemi ya maji baridi na kichaka cha miti, na kukizunguka nyasi. Fikirini maana yake. Ziwa lina magadi, halinyweki. Chemchemi ndiyo uhai. Ndiyo maana mifupa ya wanyama na zana za mawe imejaa mahali pamoja: wote walikuja kwenye maji, kama ng'ombe wanavyokuja leo kwenye birika la kijiji wakati wa kiangazi.

Sasa nirudi kwa swali la binti yule, maana jibu lake limo katika meno aliyokuwa akiyatazama. Zamani Zinj aliitwa mbangua kokwa kwa sababu ya taya lake. Picha zilimwonyesha akivunja mbegu ngumu. Lakini mwaka 2008 Nikolaas van der Merwe, Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Marion Bamford walichapisha vipimo vya kaboni kutoka kwenye meno ya hapa hapa Tanzania, na mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake wakafanya vivyo hivyo kwa meno mengi kutoka Kenya. Matokeo yakakubaliana: zaidi ya robo tatu ya chakula cha Zinj ilitokana na nyasi na mimea ya jamii yake, kama ndago na mafunjo. Meno yale makubwa yalikuwa ya kusaga na kusaga mchana kutwa. Habilis yeye alikula mchanganyiko, vya mitini na vya nyasini.

Kwa hiyo nilimwambia hivi, nikiwa nimemwita ofisini ili nisimkosee tena mbele ya wenzake: Zinj hakuwa mjinga wala dhaifu. Jamii yake ilidumu takriban miaka milioni moja, muda ambao sisi hatujaukaribia. Aliimudu vizuri namna moja ya kuishi. Huenda ardhi ilipozidi kubadilika, aliyekuwa na njia nyingi za kupata chakula alikuwa na nafasi kubwa zaidi. Akaniuliza kwa nini nasema “huenda”. Nikafurahi sana kwa swali hilo, na nitalirudia chini.

Waheshimiwa, kitabu tunachokitumia shuleni kwetu kinasema kwa aya moja kwamba misitu ilikauka, nyani akashuka mtini, akasimama kwa miguu miwili ili aone mbali juu ya majani, mikono ikawa huru, akatengeneza zana, ubongo ukakua. Mstari mmoja ulionyooka kama ngazi. Ni hadithi tamu, nami niliifundisha kwa moyo wote. Lakini ushahidi wa nchi yetu wenyewe unaikataa. Laetoli, kama kilomita 45 kusini mwa Oldupai, kuna nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Zilionekana mwaka 1978, na nyingine zikapatikana mwaka 2015 na watafiti wakiongozwa na Profesa Masao huyo huyo, walipokuwa wakikagua eneo lililopendekezwa kujengwa makumbusho. Laetoli ya wakati ule ilikuwa na nyasi, vichaka na miti vikiwa vimechanganyika. Hakuna zana ya mawe iliyopatikana pamoja na nyayo hizo, na ubongo wa viumbe wa jamii ile ulikuwa mdogo. Na waliokuja kabla yao, kama yule wa Aramis nchini Ethiopia wa miaka milioni 4.4, waliishi kwenye miti na tayari walikuwa na dalili za kutembea kwa miguu miwili. Kutembea wima kulitangulia sana nyika kubwa ya nyasi. Mtoto wa Karatu anapoandika kwenye mtihani kwamba mtu alisimama kwa sababu msitu uliisha, anapewa alama kwa jambo ambalo nyayo za nyumbani kwao zimelitilia shaka.

Nisije nikaonekana natetea korongo letu tu, niwapeleke kwa jirani. Olorgesailie iko Kenya, kama kilomita 65 kusini-magharibi mwa Nairobi, kwenye barabara ya Magadi. Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani wamefanya kazi pale kwa miongo mingi. Kwa miaka laki saba hivi, kuanzia takriban miaka milioni 1.2 iliyopita, watu wa pale walitengeneza shoka za mkono za aina moja, kubwa, nzito, kwa mawe ya karibu. Baba kwa mwana, mwana kwa mjukuu, jiwe lilelile. Kisha kumbukumbu ya matabaka inakatika: mmomonyoko ulifuta miaka laki moja na elfu themanini. Upande wa pili wa pengo hilo, kati ya miaka 320,000 na 295,000 iliyopita, mnakuta watu wengine kabisa kwa tabia. Zana ni ndogo, zimechongwa kwa mpango, nyingine ni ncha za kufungwa kwenye mti. Kuna kioo cheusi cha volkano kilicholetwa kutoka zaidi ya kilomita 25, maana yake watu walisafiri mbali au walibadilishana na jamii nyingine. Kuna mawe ya rangi nyekundu na nyeusi waliyoyakusanya. Na wanyama wakubwa wala nyasi, pamoja na nyani mkubwa wa zamani zile, wengi hawapo tena. Wamekuja wadogo zaidi.

Nini kilitokea ndani ya pengo? Mwaka 2012 watafiti walikwenda bonde la jirani, Koora, wakateremsha keekee ardhini na kutoa nguzo ya udongo yenye urefu wa mita 139, yenye kumbukumbu ya miaka milioni moja ya tope, majivu na chavua. Majibu yalichapishwa mwaka 2020. Yapata miaka laki nne iliyopita, mipasuko ya Bonde la Ufa iliikata ardhi ile vipande vipande, mabonde makubwa yakawa madogo, na maji ambayo kabla yalikuwepo kwa kutegemewa yakaanza kuja na kwenda. Nyasi zikaja, zikaondoka, zikarudi. Kumbuka basi, mvua na ukame si kazi ya anga peke yake. Ardhi yenyewe, inapopasuka, huamua maji yakae wapi. Potts amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba kilichowajenga babu zetu si ukame wala msitu, ni kule kubadilika-badilika kwenyewe, maana aliyezoea hali moja aliondoka nayo ilipoondoka. Mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Historia shuleni kwangu ni mtu mmoja, yaani mimi, na bado masomo hayo mawili yamegawanywa kana kwamba mfereji huu wa ufa hauna la kusema kwa mtu aliyeishi ndani yake.

Na kwetu tena, mwaka 2021 watafiti, wakiwemo Watanzania Makarius Itambu na Pastory Bushozi, walichapisha habari za Ewass Oldupa, upande wa magharibi wa korongo. Miaka milioni 2 iliyopita watengeneza zana waliishi mahali hapo wakati palipokuwa na madimbwi na majani ya jamii ya mikangaga baada ya volkano, wakarudi palipokuwa na miti, wakarudi tena baada ya moto, wakarudi palipokuwa nyika kavu. Zana zilikuwa zilezile. Maarifa ya kuzitumia ndiyo yaliyotanuka. Nilipolisoma hilo niliacha chai ikapoa.

Ziko habari za karibu zaidi ambazo watoto wa mikoa mingine wangezidai kama zao. Ziwa Nyasa, ambalo leo lina kina cha takriban mita 700, liliwahi kushuka kwa zaidi ya mita 500 katika vipindi vya ukame mkali kati ya miaka kama 135,000 na 75,000 iliyopita, wakati watu wa aina yetu hasa walikuwa tayari duniani. Nguzo za tope lake zilitolewa mwaka 2005. Na Ziwa Victoria lilikauka. Halikupungua, lilikauka, hadi mvua ziliporudi yapata miaka 15,000 iliyopita. Mtoto wa Ukerewe au Musoma anayetoka asubuhi na kuliona ziwa lile kama bahari hajaambiwa kwamba palikuwa na wakati mtu angeweza kutembea kwa miguu pale ambapo baba yake sasa anavua sangara. Mwambieni. Hatalisahau, na somo la tabianchi halitakuwa tena habari ya barafu za mbali.

Nirudi kwa “huenda”. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema ukame mkubwa wa hatua kwa hatua ndio uliosukuma mageuko; wapo wanaosema ni vipindi vya maziwa makubwa kujaa na kukauka; wapo wanaoonya kwamba mambo mawili kutokea wakati mmoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine, na kwamba mifupa tuliyonayo ni michache mno kuamulia kesi kubwa namna hii. Onyo hili nalichukulia kwa uzito. Sitaki ngazi ya zamani ivunjwe halafu tuweke ngazi mpya iitwayo tabianchi. Ninachoomba ni kwamba wanafunzi waruhusiwe kuuona mjadala. Wapewe tabaka la udongo, jino na chavua, waambiwe “huu ndio ushahidi, wewe unasemaje?” Mtihani wetu unauliza mtaje hatua tano za mageuko ya binadamu. Binti yule aliuliza kwa nini. Katika miaka yote ya kusahihisha sijakutana na swali la mtihani lenye uzito wa swali lake.

Najua pia kwamba somo lenyewe linagusa imani. Wazazi wameshanifuata, Wakristo na Waislamu, wakiwa na wasiwasi wa kweli, na nimekaa nao kwa heshima. Nimegundua kwamba mzazi anayekataa kusikia habari ya nyani hana tatizo kabisa kusikia habari ya ziwa. Tukianza na ardhi, na mvua, na majivu, na nyayo, mazungumzo yanakuwa ya watu wanaotazama kitu kimoja pamoja.

Kuna jambo jingine dogo ambalo si dogo. Vitabu vinapokosa mazingira, watoto hujaza nafasi hiyo wenyewe, na hujaza vibaya. Nimewasikia wakisema Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ndio “watu wa kale waliobaki”. Nimekemea, nimeeleza kwamba Mhadzabe ni mtu wa leo kama wao, mwenye historia ndefu kama yao, anayejua matumizi ya nchi ambayo wao hawayajui. Lakini kemeo la mwalimu mmoja halishindi picha ya ngazi iliyochapishwa kitabuni.

Basi haya ndiyo maombi yangu kwenu.

Sura ya chimbuko la binadamu iandikwe upya kwa kuanzia ardhi. Waitwe wanajiolojia na wanaakiolojia wetu, hawa hawa niliowataja na wenzao, wakae na walimu wa madarasani, siyo kwa siku mbili za semina, bali hadi sura ikamilike. Na iandikwe kwa maneno ambayo mtoto anayo. Magadi anayajua, ni yaleyale ambayo mama yake huweka kwenye maharage. Majivu anayajua, tope analijua, tabaka analiona kila anapopita kwenye kingo za barabara mpya. Ninapomfundisha mambo haya kwa Kiingereza cha kukariri, namnyang'anya vitu alivyokwisha kuvishika kwa mikono.

Maabara. Hili nalisema kwa msisitizo kuliko mengine. Wageni wamekuja Oldupai tangu mwaka 1911, alipofika Mjerumani Wilhelm Kattwinkel, na mwaka 1913 akaja Hans Reck, na mifupa aliyoichimba ikapelekwa Berlin. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumepona kiasi gani? Sehemu kubwa ya vipimo vya nta na kaboni nilivyovieleza hapa vilifanyika nje ya nchi, kwa sababu mashine ziko huko na mafundi wako huko. Mwaka 2014 watafiti walitoboa Oldupai kwa keekee na kutoa nguzo ndefu za udongo zinazofika chini kuliko korongo lenyewe. Kijana wa Kitanzania anayetaka kuisoma kumbukumbu hiyo ya nchi yake anapaswa aweze kuifanya kazi hiyo hapa, akiwa Dar es Salaam au Arusha, bila kusubiri viza. Kibali cha utafiti kitakachotolewa kesho kiweke sharti la vifaa na mafunzo, lenye tarehe na lenye mtu wa kulisimamia. Wageni wengi waliofanya kazi hapa wangelipokea kwa moyo mweupe.

Ulinzi wa udongo wenyewe. Tumezoea kulinda mifupa. Lakini mfupa uliotolewa bila tabaka lake ni barua isiyo na anwani. Matabaka ya Oldupai ni laini. Kila mvua kubwa huonyesha kitu na kupoteza kitu. Laetoli ilitupa funzo: nyayo zilipofukiwa mwaka 1979, mchanga uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga, mbegu zikaota, mizizi ikaelekea kwenye nyayo, na katikati ya miaka ya 1990 ikabidi wataalamu wa Tanzania pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani wafukue, waondoe miti na kufukia upya kwa uangalifu. Uharibifu ulikuja kwa nia njema na uzembe mdogo wa mbegu. Wekeni watu wa kudumu wa kukagua makorongo baada ya kila masika, na wawe vijana wa vijiji vya pale, ambao wanajua kila mfereji. Nyayo za Engare Sero karibu na Ziwa Natron, zaidi ya 400, ziliwahi kuonwa kwanza na mkazi wa huko kabla hazijafika kwenye jarida lolote.

Na basi la kuwasafirisha wanafunzi. Shule yetu huenda Oldupai mara moja kwa miaka miwili, tukichangishana. Zipo shule za wilaya hii hii ambazo hazijawahi kwenda hata mara moja. Sijui mtoto wa Songea atafikaje.

La mwisho ni dogo kuliko yote na halihitaji bajeti ya bunge. Binti niliyemtaja sasa yuko kidato cha tatu. Yeye na wenzake sita wameandika maneno ya ubao ambao wangependa uwekwe pale juu ya korongo, kwa Kiswahili, kwa Kimaasai na kwa Kiingereza. Wamebishana juu yake kwa wiki tatu, hasa sentensi ya tatu. Nayaweka hapa kama walivyoyaandika, bila kugusa:

“Hapa unapotazama palikuwa na ziwa la magadi. Lilijaa, likapungua, likajaa tena, kwa maelfu ya miaka. Walioishi pembeni yake walikuwa wa aina zaidi ya moja, na hatujui kwa hakika kwa nini wengine walibaki. Ukiona jiwe, liache lilipo.”

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Historia na Jiografia,
Karatu